Karakana ya Majengo isiyo na bango: injini yangu ya miwa imeacha kuvuja oili, na ringi ni zile zile

Kama una injini ndogo ya petroli, iwe ya jenereta, ya pampu ya kisima au ya kukamulia miwa kama yangu, na inavuja oili hata hujui itokako, usimpe mtu pesa ya ringi, zile pete za pistoni, kabla hujaipitisha kwenye karakana ninayotaka kuieleza hapa. Iko Majengo, kisiwani Mombasa. Haina bango wala jina, na mwenyewe hapendi kupigwa picha, kwa hivyo msiniombe picha. Nimeipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya gasketi, ile ya kuzibia kati ya chuma na chuma, na hilo nitalifikia.

Mimi nauza sharubati ya miwa upande wa kisiwani, karibu na kivuko cha Likoni, pale watu wanapomiminika kutoka feri asubuhi na jioni. Glasi shilingi 50, ndimu na tangawizi humo humo, siongezi bei. Mashine yangu imefungwa juu ya mkokoteni: rola za chuma za kukamulia, mkanda, na injini ya petroli ya 163 cc, ile ya Kichina iliyoigwa umbo la Honda GX160. Mkiiona mtaijua. Wachimba visima wanazo, wakodishaji wa muziki wa harusi wanazo, wajenzi wanazo kwenye mashine zao za zege. Anayeusukuma mkokoteni na kukamua ni mtoto wa kaka yangu. Mimi nakaa na pesa, na barafu, na maneno ya wateja.

Na maneno yalikuwa mengi. Oili ilianza kwa kutoa jasho nyuma ya puli, nikaona ni jambo dogo. Halafu ikawa inateremka kwenye chuma cha mkokoteni, inachanganyika na vumbi na makapi ya miwa, inafanya tope jeusi mbele ya macho ya mtu anayengoja kinywaji. Asubuhi ukiiwasha inatoa moshi wa rangi ya buluu. Chujio la hewa ukilifungua sponji imelowa oili chapa chapa. Bwana mmoja, mteja wangu wa kila siku, akaniuliza mbele za watu, "Mama, leo ni sharubati au ni dizeli?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni sikucheka. Biashara ya kinywaji ni macho kwanza. Na afisa wa afya wa kaunti akipita akakuta oili inadondoka hatua moja kutoka kwenye miwa iliyomenywa, hana haja ya kuniuliza neno.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, aliitazama akasema ni sili ya krenki, ile pete ya mpira inayozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea nje. Akaing'oa kwa bisibisi, akatia mpya. Ikashika kidogo, kisha nikaikuta ile sili mpya imesukumwa nje, imekaa upande mmoja. Akatia nyengine, safari hii akaizungushia silikoni nyekundu, ati sasa haendi mtu. Ikatoka nayo, na silikoni yake. Hapo ndipo maneno yalipogeuka: ringi zimekufa, silinda imelika, lete 7,500 au utafute injini nyengine. Aliyasema hayo bila kufungua hata boliti moja. Nikamwambia ahsante, nikamwita mpwa wangu tukausukuma mkokoteni tukaondoka.

Aliyenielekeza Majengo ni kijana mmoja wa Mtongwe anayekodisha pampu za kukausha visima. Yeye injini zake hufanya kazi ya punda na bado zinawaka. Akaniambia, "Nenda kwa mzee wa Majengo, lakini usimharakishe."

Ukitoka Mwembe Tayari kwa Barabara ya Jomo Kenyatta kuelekea Makupa, ingia ndani ya Majengo uulize fundi wa mashine ndogo. Hata mama anayeuza mbaazi na mahamri atakuonyesha. Utaona banda la mabati chini ya mkungu, injini zimepangwa ukutani, nyengine hazina vichwa, na meza moja ya mbao iliyolowa oili miaka na miaka mpaka imekuwa nyeusi. Mwenyewe ni mtu mzima, hufunga kikoi na kuvaa shati la mikono mirefu hata jua likiwa la utosini. Ana vijana wawili wanaojifunza. Viti hakuna, kuna tairi.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakushika spana. Alianza kwa maswali, na maswali yenyewe sikuyatarajia.

"Mama, mashine hii hulala wapi?"

"Likoni, nyumbani."

"Na asubuhi huvuka na feri?"

"Ndiyo, mzee. Huvuka nayo huyu kijana."

Akamgeukia mpwa wangu. "Ukifika pale kwenye mteremko wa kuingilia feri, mkokoteni unaushika vipi?"

Kijana akaonyesha kwa mikono: huugeuza, huushika kwa nyuma, huuinamisha sana ili mkono wa mkokoteni ukwaruze chini usimponyoke. Mzee akatikisa kichwa. Akauliza tena, "Na ukiuinamisha hivyo, kichwa cha injini kinakuwa juu au chini?" Chini. "Na ukishafika, mteja akija akitaka glasi moja, unawasha, unakamua, unazima?" Tunazima, nikajibu mimi, kwani petroli ni ya bure? Akasema, "Haya," akamwambia kijana wake alete kitambaa na mafuta ya taa.

Wakaiosha injini yote mpaka ikaonekana rangi yake. Wakaupeleka mkokoteni pahali sawa, wakatia mawe chini ya magurudumu na kupima kwa jicho mpaka injini ikakaa wima. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha bila kukikaza kwa uzi, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa mbali. Ukitazama kwenye tundu inafurika mdomoni. Injini hizi huchukua oili ya takriban lita 0.6. Chupa inayouzwa ni ya lita moja, na fundi wangu wa kwanza aliimimina yote. Nilimwona kwa macho yangu akiitikisa chupa ili tone la mwisho lisipotee. Mzee akapunguza mpaka kwenye alama. Kilichotoka hakikuwa cheusi tu, kilikuwa na ute wa kahawia iliyopauka, wa maji na oili vilivyopigana vikashindwa kuachana.

Halafu akafanya jambo ambalo sasa nalifanya mwenyewe nyumbani, maana halihitaji kifaa. Akachukua glavu ya mpira, zile nyembamba za hospitali, akaivisha kwenye tundu la kijiti cha oili badala ya kizibo, akaifunga kwa raba bendi. Akawasha injini, akaiacha inguruma polepole. Ile glavu ikasimama. Vidole vikajaa kimoja kimoja mpaka mkono mzima ukawa unatupungia, na vijana wake wakacheka, inaonekana wao wameshaona. Akazima.

"Injini yako haipumui," akaniambia. "Ringi tutaziuliza baadaye."

Akanieleza, nami nawaeleza kwa maneno yangu. Pistoni ikishuka, chini yake kuna hewa, na hewa hiyo haina pa kwenda. Kwa injini ya 163 cc, kila pistoni inaposhuka inasukuma kiasi hicho hicho cha hewa ndani ya tumbo la injini, na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hilo hutokea mara 50 kila sekunde. Tena kuna moshi kidogo unaopenya pembeni mwa ringi hata kama injini ni mpya kutoka dukani. Kwa hivyo watengenezaji wameweka briza: njia ya kupumulia yenye kibati chembamba cha chuma kinachofunguka upande mmoja tu. Pistoni ikishuka, kibati kinainuka, hewa inatoka. Pistoni ikipanda, kibati kinajifunga, na ndani kunabaki mvuto kidogo. Ule mvuto ndio unaoizuia oili isitoke kwenye sili na gasketi. Njia hiyo ikiziba, mvuto unageuka kuwa msukumo. Ni sufuria ya wali uliyoifunika na kuipalia makaa huku maji bado mengi: mvuke utatafuta pa kutokea, na utatokea pale kifuniko kilipo dhaifu. Kwa injini, pahali dhaifu ni sili ya krenki. Ndiyo maana sili zangu mbili zilitoka. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinasukumwa kutoka ndani.

Na ndiyo maana nasema kubadilisha sili bila kuangalia briza ni kula pesa ya mtu.

Kwenye injini za umbo hili briza imejificha ndani ya kava ya vali, lile bati la boliti nne juu ya kichwa. Pana mdomo mdogo unaotokeza, na kutoka hapo paipu ya mpira inaingia kwenye njia ya hewa karibu na chujio, ili ule mvuke wa oili uvutwe tena ndani ukachomwe. Mzee alianza na paipu kwa sababu ndiyo rahisi. Akaichomoa, ikawa imekauka kwa joto, ngumu, imejikunja pale inapopita chini ya bati la feni. Akaipuliza: kimya. Akaipasua kwa wembe mbele yangu. Ndani ilijaa ule ute wa kahawia, umekauka kando na laini katikati, na vipande vya makapi ya miwa vidogo vidogo vilivyoingia kutoka upande wa chujio. Nilishika kwa vidole vyangu. Unanuka petroli na sukari iliyoungua.

Nikadhani basi, tumemaliza. Mzee akasema ngoja. Akaivisha glavu tena, paipu ikiwa haipo, akawasha. Glavu ikajaa vile vile, labda polepole zaidi. Hapo akajua kwamba kibati chenyewe nacho kimeziba, kwa sababu kama ingekuwa paipu pekee, hewa ingepata njia. Nilipenda sana hatua hii. Mafundi wengi wakikuta kosa moja hufurahi wakaacha kutafuta la pili.

Akalegeza boliti nne za kava kwa kupishana pembe, akaligonga kidogo kwa mpini wa nyundo likaachia. Ndani ya kava kuna kichumba kilichofunikwa kwa bati, na humo ndimo kibati kinamokaa. Kilikuwa kimegandishwa na lami ya oili. Akalitia kava zima kwenye sahani yenye petroli, akalifunika, akaenda kushughulikia jenereta ya mtu. Hapa ndipo palipo na lile la kutoharakisha. Nilikaa kwenye tairi, nikanywa kahawa chungu ya muuza buli aliyepita, na mpwa wangu akalala. Vijana wakawa wanalitikisa kava mara kwa mara na kusugua kwa mswaki wa zamani. Hawakutia bisibisi ndani. Mzee aliwakataza kabisa: kibati kikipinda hata unywele, hakifungi tena, na ukikipindua unakuwa umetoka kwenye shida moja kuingia nyengine, maana kibati kisichofunga huivuta oili mpaka kwenye chujio na moshi wa buluu hauishi.

Baada ya kukausha, akalifuta kava vizuri na kumpa kijana mmoja ajaribu kwa mdomo kupitia kipande kipya cha paipu. Ukivuta, hewa inapita. Ukipuliza, inagoma. Akanipa na mimi nijaribu. Ladha ya petroli ilinikaa ulimini mpaka magharibi, lakini nilihisi mwenyewe kibati kikifunga, na hilo halina mfano kwa mtu aliyeshachoka kuambiwa mambo asiyoyaona.

Sili ilibidi ibadilishwe, hakukuwa na njia. Ile ya mwisho ilikuwa imepinda na silikoni imeshika kila upande. Mzee aliikwangua silikoni yote kwa subira, akanionyesha mkwaruzo kwenye ukuta wa tundu ulioachwa na bisibisi ya yule mwenzake. Si mkubwa, akausugua kwa msasa laini. Sili ya injini hii ni ya milimita 25 kwa 41.25 kwa 6. Naziandika namba hizi kwa sababu dukani watakupa yoyote ukisema tu "ya jenereta." Aliipaka oili mdomoni, akaisukuma kwa soketi pana iliyolingana nayo, ikaingia sawasawa bila kupigwa upande mmoja.

Tukafika kwenye gasketi, na hapa ndipo nilipotofautiana naye. Gasketi ya kava ilichanika wakati wa kufungua. Mzee akataka kupaka silikoni afunge, akasema hufanya hivyo siku zote na hajawahi kurudishiwa. Mimi nikakataa. Nimetoka kwa silikoni, nikamwambia, sirudi kwa silikoni. Na si ukaidi wa mwanamke, kama mmoja wa wale vijana alivyonong'ona akidhani sisikii. Silikoni ikizidi hujibana ikaingia ndani, kipande kikakatika, na kipande kikikatika kwenye kava la vali kinaelea pale pale briza ilipo. Utakuwa umezibua tundu kisha ukaweka kizibo kingine karibu yake. Mzee alinyamaza kidogo, akacheka, akasema, "Haya mama, umeshinda," akamtuma kijana dukani. Gasketi ilikuja kwa 150. Shilingi 150! Kwa nini fundi mwenye akili kama yake hana gasketi za injini inayojaa mji mzima, sijui. Nyota yangu ya tano imekaa hapo na itabaki hapo mpaka aziweke kwenye kabati.

Akafunga, akatia oili mpya mpaka alama ya juu, injini ikiwa wima, akanikabidhi chupa na kilichobaki. Wa kwanza kunirudishia oili yangu maishani. Akavisha glavu kwa mara nyengine, akawasha, akaiacha ipate moto. Vidole vya glavu vikanywea, vikawa vinavutwa ndani na kuachiwa, vinatetemeka. Hapo ndipo aliporudi kwenye habari ya ringi. Kama ringi zingekuwa zimekufa kweli, akasema, glavu ingejaa hata briza ikiwa safi, kwa sababu moshi unaopenya ungekuwa mwingi kuliko njia ya kutokea, tena ungeuona moshi wenyewe ukitoka kwenye tundu la oili. Hakuona moshi. Akatoa plagi ya cheche, akaitazama, ilikuwa na oili kidogo ya zamani, akaipiga brashi akairudisha. Ringi zangu ni zile zile zilizokuja na injini.

Bili ilikuwa hivi: ufundi 1,000, na ndani yake mna 300 ya kuangalia ambayo unalipa hata kama hakutengeneza chochote. Sili 250, paipu 200, gasketi 150, oili 650. Jumla 2,250. Nililipa kwa M-Pesa. Risiti hakuna, ukitaka ataandika kwenye karatasi ya daftari kwa mkono. Ile 300 ya kuangalia najua itawaudhi wengine. Mimi naiunga mkono. Fundi anayeangalia bure hupata riziki yake kwenye vipuri, na vipuri atavipata hata pale visipohitajika.

Kuna mambo mengine msije mkasema sikuwaambia. Simu haipokei mchana. Maneno yake ni makavu. Alimwambia mpwa wangu mbele yangu kwamba anaendesha injini "kama anawasha kiberiti," na kijana alikasirika njia nzima mpaka kivukoni. Mashine za boti hapokei, atakuelekeza kwengine. Na kama una mambo ya haraka, ya harusi ya jioni ile ile, usiende, kwa sababu kuroweka hakuna njia ya mkato na yeye hatakudanganya kwamba ipo. Dhamana yake ni wiki mbili kwa mdomo.

Lakini kuhusu kiberiti alisema kweli. Injini ikichoma petroli hutoa maji pamoja na moshi, ya mvuke, na sehemu ya mvuke huo hupenya ringi ukaingia tumboni. Injini ikipata moto vizuri, mvuke hutoka kwa briza. Ukiiwasha kwa glasi moja na kuizima, haipati moto, mvuke unatulia, unageuka maji, unachanganyika na oili, na unafanya ule ute. Pwani yetu yenye unyevu haisaidii. Wenzetu wa nchi za baridi kali briza zao huganda barafu. Sisi zetu hufa kwa ute. Tumebadilisha kazi sasa: kijana anamenya na kupanga miwa kwanza, anangoja wateja wakusanyike kadhaa pamoja, kisha anawasha na kukamua kwa mfululizo, na asubuhi anaiacha ngurumo ya dakika kadhaa kabla ya kuanza. Petroli imeongezeka kidogo. Nimeona ni heri.

Feri nayo tumeipatia dawa. Mzee alisema oili ikiinamishwa upande wa kichwa hutiririka hadi kwenye kava, inaingia kwenye briza, inashuka na paipu mpaka kwenye chujio. Nilimwambia fundi wa kuchomelea anigeuzie kitako cha injini ili kijana akiinamisha mkokoteni kwenye mteremko, kichwa kibaki juu. Mkanda ukahitaji kubadilishwa urefu, si gharama ya kutisha. Ukiwa huwezi kugeuza injini, basi ivushe ikiwa imelala sawa, na watu wawili waushike.

Kwa oili alinipa hesabu yake: kitabu cha injini za namna hii husema ubadilishe baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au miezi sita, kitakachotangulia. Yeye kwa kazi ya miwa, jua kali na kuwasha na kuzima, anataka iwe kila saa 50. SAE 30 au 10W-30, ndiyo namba za uzito zilizoandikwa kwenye chupa, yoyote kati ya hizo, lakini isiwe ile ya ndoo inayopimwa kwa kikombe pembeni mwa barabara. Na kila ukibadilisha oili, chomoa paipu ya briza uipulize.

Jambo moja zaidi, kwa sababu kijana wa pampu aliponielekeza alinitajia kwamba wako watu huichomoa paipu wakaiacha inaning'inia nje, ati hapo haitaziba tena. Nilimuuliza mzee. Akasema injini itapumua, sawa, lakini kibati kikilegea kidogo, au kikiwa hakifungi vizuri, itavuta mchanga moja kwa moja hadi kwenye krenki bila kupitia chujio. Na kwangu mimi mvuke wa oili ungekuwa unatoka pembeni ya glasi za watu. Wengine huziba ule mdomo kwa boliti kabisa wakiona unadondosha oili. Huyo wa boliti ndiye atakayenunua injini mpya kabla ya Ramadhani.

Karakana hufunguliwa karibu saa mbili asubuhi. Ijumaa hufunga saa sita kwa swala na harudi mpaka saa nane na nusu, usipoteze nauli. Peleka injini ikiwa na petroli ya kutosha kuwaka nusu saa, usiioshe kabla hujafika kwa sababu anataka kuona oili inatokea wapi, na pitia dukani ununue gasketi ya kava yako mwenyewe njiani.